Ushuhuda Nilioutoa Hyattsville

Rehema mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na mafua yako, umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Yangu nayo unaijua, maana tangu nirudi mchana umekuwa ukiniangalia kwa pembe ya jicho na kujifanya unakunja nguo. Baba yako yuko chini anapima masanduku yako kwa mizani ya bafuni. Anapanda yeye kwanza, kisha anapanda amebeba sanduku, kisha anatoa hesabu, na kila akirudia anagundua kwamba aliyezidi uzito ni yeye. Nimemwacha aendelee. Mzee akiwa na kazi mkononi halii.

Sitakuandikia habari za vidonge vya malaria wala maji ya kuchemsha. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nakuandikia lile jambo moja ulilonitaka nilifanye kabla hujapanda ndege kesho, na naliandika kwa sababu mdomo wangu unajua kugomba tu ninapoogopa. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Isome kabla hujalala, usiipeleke Iringa ikiwa imefungwa, maana kuna swali linalokusubiri na huenda likaulizwa kesho mbele ya watu.

Ulinitaka nimwambie Anti Ndeshi ukweli. Nimemwambia leo asubuhi. Lakini siwezi kukusimulia ya leo kabla ya kukusimulia ya zamani, maana baba yako alikusimulia nusu, na mimi ile nusu yangu nimeificha hata kwake.

Nianze na mwezi wa tatu, ulipoingia jikoni nikiwa nawapakia mikate siagi ya karanga wale watoto ninaowalea mchana, ukasema umeacha kazi. Kampuni yenu nzima inahangaika kompyuta zisigome mwaka elfu mbili ukiingia, watu wanalipwa hadi ya Jumapili, na wewe unaacha kazi! Nikadhani umefukuzwa. Ukasema unakwenda Iringa, kwenye kituo kile kile cha misheni ulikotoka wewe, unakwenda kufundisha shuleni kwao na kuishi na yule mtoto Furaha mpaka mahakama ikubali umwasili awe wako.

Furaha nilikuwa namjua kwa picha. Tangu uliporudi na kikundi cha kanisa mwaka jana ulikuwa humtaji mtu mwingine. Mtoto anaitwa Furaha na hacheki, baba yako akasema huyo ni Mchaga aliyepotea njia. Ulitusimulia kwamba siku ya kwanza alikuja akasimama karibu nawe, akatia mkono wake kwenye mfuko wa sketi yako akauacha humo mpaka saa ya chakula. Nilicheka kama wenzangu. Moyoni nilijua nimeshapata mjukuu na nikaogopa.

Ile siku jikoni ulisema, "Mama, nimeshapray about this mwaka mzima. Nimefunga, nimelia, nimemwambia Mungu kama si yeye afunge mlango. Hajafunga. Siombi ruhusa, naomba baraka yako tu."

Na mimi mama yako, mtu wa maombi, mwenye kiti cha mbele kanisani, nilikujibu nini? Nilikujibu, "Sasa watu watasemaje?"

Ukasema kwa ile sauti yako ya chini, "Watu gani, Mama? Anti Ndeshi?"

Mtoto mmoja akamwaga maziwa nikashukuru kupata kitu cha kufuta.

Tulipooana, mimi na baba yako tulikaa miaka tisa bila mtoto. Hapa Amerika haikuwa mbaya sana, tulikuwa wachache, wanafunzi na watu wa ubalozi, kila mtu na baridi yake. Lakini kila nilipokwenda Machame, mama mkwe alikuwa akisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na alikuwa anauambia mgomba, siyo mimi. Migomba yake yote ilikuwa imezaa. Nilikuwa narudi huku nimekonda, baba yako ananiuliza kama kule hakuna chakula.

Rafiki yangu niliyesoma naye, muuguzi, alikuwa anafanya kazi kwenye kile kituo cha Iringa. Yeye ndiye aliyenitumia habari zako. Mama aliyekuzaa alifariki mara baada ya kujifungua, tarehe hakuna aliyeiandika, na hakuna aliyekuja kukuulizia. Nilifunga safari peke yangu. Rafiki yangu alikutoa kwenye kitanda mlicholala watoto watatu, akakuweka mikononi mwangu, ukanishika kidole cha gumba ukalala. Nilikaa na wewe Iringa miezi mitatu mpaka taratibu zikaisha. Sijawahi kumsikia Mungu kwa masikio, lakini siku ile nilijua nimejibiwa. Hilo naliapa hata leo. Alinijibu waziwazi kabisa, na mimi nikalionea aibu jibu lake, nikalibadilisha kidogo ili liwapendeze watu.

Sikiliza nilivyofanya, halafu ucheke ukiweza. Wakati naondoka huku nilivaa magauni mapana na kuwaambia wenzangu nakwenda kujifungulia nyumbani kwa mama yangu. Hakuna aliyeshangaa, ndivyo wengi walivyofanya. Nilipofika Machame na wewe mgongoni, niliwaambia nilijifungulia Amerika. Nako hakuna aliyeshangaa, Amerika ina hospitali nzuri. Bahari nzima ilikuwa katikati, nani angevuka kwenda kuuliza? Mama mkwe alinichinjia mbuzi na kunipikia mtori wa ndizi na nyama, nikakaa ndani nimefungwa kanga tumboni, nanyweshwa mtori wa mzazi mimi nisiyezaa. Niliunywa wote. Ulikuwa mtamu, na kila kijiko kilinishuka kama jiwe.

Niliporudi huku nako nilipikiwa tena. Akina mama walisema, hata kama umekula kwa mkweo, hapa hujala. Aliyepika alikuwa Ndeshi. Alikuwa msichana tu, ameolewa mwaka wa pili, amekuja na mume wake mwanafunzi. Alizitafuta ndizi mbichi kwenye duka la Mjamaika kule Georgia Avenue, akazibeba kwenye basi mpaka kwetu Hyattsville, akapanda nazo ngazi zote. Alikuosha, akanikanda miguu. Nilimwambia sina haja ya kukandwa. Akasema, "Tulia, wewe ni mzazi."

Jumapili ya kwanza kikundi chetu cha maombi kilikutana sebuleni kwangu. Unajua desturi yetu: aliyetendewa husimama akatoa ushuhuda. Mtu akipona husimama, akipata kazi husimama. Sasa mimi niliyerudi na mtoto baada ya miaka tisa ningekaa? Ningeweza kusimama nikasema Mungu amenipa mtoto, nikaishia hapo, ingekuwa kweli na ingetosha. Lakini walikuwa wananiangalia wote, Rehema, na nilikuwa nimezoea miaka tisa ya kuangaliwa vingine. Nikasema Mungu amenifungua tumbo. Nikasema nilifunga siku nyingi, nikasema usiku mmoja nilisikia joto hapa chini ya kitovu nikajua tayari. Hilo joto nililitunga palepale. Wakapiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio.

Ndeshi hakupiga kigelegele. Alitoka alipokaa, akapiga magoti mbele yangu, akachukua mikono yangu akaiweka tumboni mwake. Akasema, "Mama Rehema, niombee na mimi kwa Mungu wako."

Nikamwombea.

Hilo ndilo nililokuwa sijawahi kumwambia baba yako. Yeye alijua kwamba tulificha. Alikubali kwa shingo upande, alisema njia ya mwongo ni fupi, nikamwambia hii ya kwetu inavuka bahari. Lakini ya ushuhuda hakuyajua, yalikuwa mambo ya akina mama.

Ndeshi akawa ndugu yangu. Wewe unamjua kama aliyekusuka kila Jumamosi, umekaa chini kati ya magoti yake na katuni kwenye televisheni. Mimi nilikuwa jikoni, nikimsikia anavyokuita. Hakukuita Rehema. Alikuita mtoto wa maombi yetu. "Tulia, mtoto wa maombi yetu, nimalizie hapa nyuma." Sisi wanawake wa kwetu tunaitwa kwa majina ya watoto wetu, na yeye mwaka baada ya mwaka alibaki Ndeshi, mpaka nyinyi watoto mkampa hilo la Anti ili asibaki bila kitu.

Miaka ilipokwenda, mume wake alitaka wamlete mtoto wa marehemu kaka yake, mvulana mdogo aliyebaki bila wazazi kule Dodoma. Ndeshi alikuja kuniuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nje, wewe unaendesha baiskeli yako ile nyekundu. Akasema, "Mume wangu anaona tumchukue. Mimi naogopa. Nikimchukua si nitakuwa nimemwambia Mungu nimekata tamaa? Wewe ulingoja miaka tisa. Ungechukua mtoto wa watu mwaka wa nane, Rehema angetoka wapi?"

Nilikuwa na nafasi palepale, mwanangu. Hapakuwa na mtu mwingine. Ningesema neno moja, pengine angenipiga kofi, pengine tungelia, na yule mvulana angepata mama. Badala yake nilimshika bega nikamwambia subira yavuta heri.

Yule mtoto hakuletwa. Mume alivumilia kidogo, akaondoka, akaoa mwingine, ana watoto Ohio. Ndeshi akahamia Springfield, si mbali na hapa kwetu, akaanza kushona mapazia ya watu. Hajawahi kunilaumu kwa lolote. Kila mwaka siku yako ya kuzaliwa anakuletea keki, na siku hiyo yenyewe ni ya kukadiria tu, tuliipanga mimi na yule muuguzi.

Ulipofika miaka kumi na miwili baba yako alikuambia ndani ya gari, mkitoka kununua matairi. Alishindwa kuendelea kubeba. Aliporudi aliniambia, "Nimemwambia mtoto," nami sikusema naye wiki nzima. Nilikuja chumbani kwako. Ulikuwa umekaa kitandani umevaa koti bado. Nilipaswa kukaa kando yako na kunyamaza. Nilichosema ni hiki: usimwambie mtu, hasa Anti Ndeshi. Ukaniuliza kwa nini, nikasema ni mambo ya wakubwa. Jumamosi iliyofuata ulikaa kati ya magoti yake kama kawaida, akakuita mtoto wa maombi yetu, na wewe ukageuza macho ukanitazama mimi kule jikoni. Mpaka leo sijajua ulikuwa unaniomba nini kwa macho yale. Nilikuonyesha kidole mdomoni.

Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Baba yako anaupenda sana msemo huo, anautumia hata kunidai chai. Mimi sikulea mimba, na kwenye kulea mwana nilikupa kazi yangu uifanye wewe. Ulinilinda miaka kumi na minne. Sikuwahi kukushukuru, na sasa naona hata shukrani haifai, maana ningekushukuru kwa jambo ambalo hukupaswa kulifanya. Nisamehe.

Kwa hiyo mwezi uliopita, uliposema hutamleta Furaha kwenye nyumba ambayo anatakiwa kuwa siri, nilikasirika kwa sababu ulikuwa sahihi. Ulisema, "Mama, Anti Ndeshi anadhani naenda kufundisha tu. She's coming kunisindikiza. Nikirudi na mtoto atauliza, na Furaha hawezi kujibu kwa niaba yako. Mwambie before I fly, au nitamwambia mimi pale airport."

Nilikuambia unanitisha. Ukasema hapana, unachoka. Nilikuchukia dakika moja nzima.

Na kuna jingine nililokuwa naogopa, niliseme leo nikiwa na kalamu mkononi. Uliposema unarudi nyumbani, ukimaanisha Iringa, neno hilo lilinichoma. Sasa hivi pengine kuna mtu kule sokoni mwenye paji la uso kama lako, shangazi, au binamu. Atakutazama mara mbili. Nimelala nikimwonea wivu mtu nisiyemjua. Ukimpata, usimkimbie kwa ajili yangu. Kula naye ugali. Mwambie mama yako wa Machame anamsalimu.

Leo asubuhi baba yako alitaka kunipeleka Springfield, nikakataa. Pale njia panda wanapochimbachimba barabara nilipotea mara mbili, na moyo wangu, usinicheke, ulifurahi kila nilipopotea. Nikafika. Ndeshi alikuwa mashineni, pazia la rangi ya maziwa limejaa sakafuni mpaka mlangoni. Akasema, "Karibu, Mama Rehema, ruka hapo usinikanyagie kazi. Mtoto ameshafunga mizigo?"

Nilikataa chai. Hapo akajua kuna jambo.

Nikamwambia, "Ndeshi, Rehema sikumzaa mimi."

Akacheka. "Nani kakuambia?"

"Nakuambia mimi. Nilimchukua Iringa, kwenye kituo cha watoto. Sikuwahi kushika mimba hata siku moja."

Mguu wake ulikuwa bado kwenye mashine. Ikashona yenyewe kipande kirefu, ikapinda, akauondoa. Akatazama alipoharibu, akachukua mkasi akaanza kufumua uzi, mmoja mmoja. Alifumua wote. Nilisimama nikimwangalia, sikuthubutu kukaa.

"Na ushuhuda?"

"Ulikuwa uongo."

"Na lile joto?"

"Nililitunga."

Akaweka mkono tumboni mwake, pale pale. "Na uliponiwekea mikono hapa? Ulikuwa unaigiza?"

"Pale niliomba kweli. Nakuapia, Ndeshi, niliomba kwa moyo wote."

"Uliomba kwa Mungu yupi, Mama Rehema? Yule aliyekufungua tumbo?"

Nilimwambia nisamehe. Akasema neno hilo niliweke kwanza. Akaniuliza kama namkumbuka yule mvulana wa Dodoma. Nikasema namkumbuka. "Anaendesha lori siku hizi," akasema. "Ana watoto wawili. Alinipigia simu Krismasi, ananiita mama mdogo. Ana sauti nzito. Nilimwambia nilikuwa namngoja wa kwangu."

Kisha nikamweleza safari yako, na Furaha, na kwamba wewe ndiye uliyetaka aujue ukweli. Akaniuliza, "Rehema alijua lini?" Nilitaka sana kudanganya, Rehema. Nimeshazoea, uongo ungeteleza wenyewe. Nikamwambia ulijua tangu una miaka kumi na miwili. Hapo ndipo alipolia. Kwa ajili yangu hakulia, wala kwa ajili ya tumbo lake. Alisema, "Kumbe alikuwa anakaa hapa magotini pangu anajua. Mtoto mdogo vile. Na mimi namwita, namwita." Akarudia hivyo mara nyingi huku anajifuta kwa lile pazia la mteja.

Lazima ujue hili kabla hujamwona. Hakukasirika na wewe. Anaona aibu mbele yako, na aibu hiyo ni ya kwangu, nimemwachia yeye aivae.

Nimefikiri sana juu ya imani yako njia nzima ya kurudi. Nilikuwa naiogopa. Ulipokuwa unasema Mungu ananituma, nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ile Jumapili, na nilitaka kukuziba mdomo. Sasa naona tofauti, ingawa sijui kama nitaieleza. Wewe ulimwomba afunge mlango kama si yeye, ukangoja mwaka. Mimi nilishapewa, nikaona kilichotolewa hakitoshi kusimuliwa. Huko Iringa mahakama inaweza kukukatalia. Furaha anaweza kukaa nawe mwaka mzima na asicheke. Utaandikiwa na watu wa kanisa wakiuliza Mungu amefanya nini. Waandikie yaliyotokea tu. Ikiwa hakuna kilichotokea, waandikie kwamba hakuna kilichotokea, na kwamba mnakula, mnalala. Kuna mwanamke mahali fulani atakayeichukua barua yako na kupanga maisha yake kwayo, na wewe hutamjua.

Na Furaha mwambie alikotoka mapema, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kama unavyomwambia leo tunakula wali. Asije akajifunza kunitazama jikoni.

Baraka uliyoiomba mwezi wa tatu nakupa. Imechelewa, na mtoaji wake ana mikono unayoijua sasa, lakini ni yangu na nakupa yote. Nenda mwanangu. Mlete mjukuu wangu. Nitasimama mlangoni na kumtaja kwa kila atakayepita, na wewe nitakutaja pia, nilivyokupata na nilikokupata. Nimeshaanza na mmoja. Jumapili ijayo nitasimama kwenye kikundi. Baba yako nilimwambia mchana huu yote ya ushuhuda. Akashuka kwenda kupima masanduku, na hajarudi tena huku juu.

Sasa lile swali. Nilipokuwa natoka, Ndeshi alinifuata mpaka mlangoni. Alikuwa ameshika mkasi bado. Akasema, "Huko Iringa, wanampa mtoto mwanamke wa umri wangu? Asiye na mume?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilitaka kumwambia hujachelewa, Mungu ni mwema, lolote la kumtuliza. Akanyanyua mkono.

"Sikukuuliza wewe," akasema. "Nitamuuliza Rehema. Wewe ulishanijibu mara moja."

Kwa hiyo atakuuliza, Rehema, kama atakuja. Sijui kama atakuja. Akikuuliza, usitazame niliposimama mimi, na usimwonee huruma. Kama unajua kwamba hawampi, mwambie hawampi. Kama hujui, mwambie hujui, uende ukaulize, na umpigie simu yeye mwenyewe, usipitishie kwangu.

Mama yako,
Anaeli